Kidevu Juu Kidogo

Katika mtaa ule hakukuwa na mtu asiyejua kupigwa picha, na balaa lote lilianzia hapo.

Kwa miaka thelathini na moja, kila mwenye sura alikuwa amekalia stuli ya studio ya Mjomba. Alipewa kitana, akavalishwa koti jeusi lililopasuliwa mgongoni ili liwaenee wanene na wembamba bila ubaguzi, akavishwa tai nyekundu yenye fundo la kudumu, kisha akasikia amri nne zisizobadilika: "Mabega sawa. Kidevu juu kidogo. Usicheke. Usipepese." Pah! Kwaheri, mwite mwenzako. Ungekusanya vitambulisho vya mtaa mzima ungedhani watu wote wameajiriwa na benki moja, kwa jinsi ile tai ilivyozunguka shingo za watu.

Amri zile ziliwaingia hadi kwenye mifupa. Ukimwelekezea mwuza mkaa kamera, hata awe na gunia kichwani, atasimama wima, atainua kidevu na kuacha kupumua mpaka umwambie basi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyezishinda amri za Mjomba, naye ni mpwa wake mwenyewe. Picha ya kuanzia shule, alifumba macho. Picha ya kidato cha kwanza, mara saba. Picha ya mtihani wa mwisho, mara kumi na moja! Mjomba aliiandika rekodi hiyo kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa studio, na siku hiyohiyo jina la binti likastaafu. Akaitwa Pepesa. Mpaka mama yake mzazi akawa anamwita Pepesa.

Sasa Pepesa ana miaka kumi na tisa, amemaliza shule, na anamsaidia Mjomba kukata picha kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha. Ila moyo wake haukuwa kwenye picha zilizokaa. Aliupeleka kwenye picha zinazotembea. Chuo kimoja cha filamu kilikuwa kinatafuta wanafunzi kumi na wawili, na kila mwombaji alitakiwa kuleta filamu ya dakika tatu iitwayo "Mtu na Kazi Yake". Asiseme mtu neno. Yasiwepo maandishi wala muziki. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi jioni. Na chuo chenyewe kilipokea wanafunzi mwaka mmoja kikapumzika miwili, kama mti mvivu. Ukikosa, utakata picha za watu kwa mkasi miaka mitatu mingine.

Jumatatu asubuhi Mjomba akamkabidhi kamera yake ya akiba, ile inayoweza kurekodi.

"Mkanda shingoni," akasema. "Kamera ikianguka, na wewe anguka. Tena tangulia chini uipokee."

Pepesa akavuka ukumbi mwembamba hadi mlango wa pili, kwa Shangazi. Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa nguo, na sifa zake zilikuwa mbili: mshono usiofumuka na mdomo usiofungwa. Kumtengenezea filamu ya kimya ni kama kumpiga jogoo marufuku kuwika asubuhi, lakini Pepesa alimpenda, na kazi yake ilipendeza machoni: vitambaa, mkasi, chaki, gurudumu la cherehani linazunguka.

"Shangazi, fanya kazi kama kawaida. Jifanye kama sipo."

"Haya, hupo." Shangazi akanyoosha mabega. Akainua kidevu. Akanyamaza kimya cha kaburi.

Sekunde kumi zikapita. Ishirini. Cherehani kimetulia tuli.

"Shangazi, shona basi."

"Si nashona," akajibu bila kusogeza midomo.

"Mguu haujagusa hata pedali!"

"Nikigusa nitatikisika, picha itoke na ukungu. Muulize mjomba wako."

"Hii ni video, Shangazi. Kutikisika ndiko ninakotaka!"

"Mwanangu, mimi nimefundwa. Siwezi kufunduliwa leo."

Pepesa alipoona mtu hasogei, akaamua kuisogeza picha. Akasimama palepale mlangoni, akaivuta lenzi mpaka uso wa Shangazi ukajaa kioo cha kamera, akairudisha, akaivuta tena, akairudisha. Dakika tatu nzima. Aliporudi studio akamwonyesha Mjomba, kifua mbele.

Mjomba akatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu shemeji yangu," akauliza, "ametumbukia kisimani? Naona anaenda anarudi, anaenda anarudi. Nakaribia kutapika."

"Ndiyo mtindo, Mjomba."

"Basi mtindo huu uuzwe pamoja na ndimu."

Pepesa akajifungia kwenye chumba cha kuchapia picha na ile karatasi ya masharti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo hakuwa amezijali, chuo kilikuwa kimeandika ushauri: picha ya mbali ituambie tuko wapi, picha ya kati ituambie mtu anafanya nini, picha ya karibu ituambie anajisikiaje. Akaisoma mara tatu, kama maelezo ya dawa. Yeye alikuwa amesimama mahali pamoja, akaamini kidole kwenye kitufe kitafanya kazi ya miguu. Kesho, akajiapia, nitatembea.

Jumanne akatembea kweli, tena akazidisha. Dereva wa lori alikuwa amekuja kupunguziwa suruali, na Pepesa akaona hapa sasa nimepata, watu wawili wakiwa na shughuli. Akamrekodi Shangazi akiwa upande huu wa meza. Akaruka upande wa pili akamrekodi dereva. Wote walikuwa wamekauka kama samaki wa kubanikwa, lakini angalau walitazamana. Alipoziunganisha zile picha, akakuna kichwa. Kwenye video hawakutazamana hata kidogo. Shangazi alitazama kulia. Dereva naye alitazama kulia. Walikuwa kama watu wawili kwenye foleni, mmoja anahesabu visogo vya wenzake.

Akarudi kwa Shangazi, akachukua futi ya kupimia nguo na kuilaza sakafuni, kutoka kiti cha fundi hadi aliposimama mteja. Akasimama upande wa kwanza, akatazama. Shangazi anaelekea kulia, dereva kushoto. Akaivuka futi, akatazama. Ulimwengu umegeuka! Kumbe ukishachagua upande wa kusimama, baki hukohuko. Ukiruka, umewageuza watu bila ruhusa yao.

"Nani ameimwaga futi yangu chini kama utumbo?" Shangazi akafoka.

"Ni shule, Shangazi. Usiikanyage."

"Shule ya bei rahisi hiyo. Nipe pini zangu."

Shangazi akazitia pini sita mdomoni, akapiga magoti mbele ya suruali ya dereva. Hapo Pepesa akashtuka. Shangazi alikuwa kimya! Mwenye pini mdomoni hawezi kusema, na aliyeinama hawezi kuinua kidevu. Mikono nayo ilikuwa inaenda yenyewe, inakunja, inachoma, inavuta, kwa sababu mikono haijawahi kupigwa picha ya pasipoti na haijui amri hata moja. Pepesa akasogea karibu, akarekodi vidole, chaki, pini, mguu kwenye pedali.

Jioni, kabla duka halijafungwa, wakakaa watatu kutazama. Picha zilikuwa nzuri, hata Mjomba aliguna. Lakini ziliposimama, wakabaki kama wageni waliokula wasishibe.

"Mtu mwenyewe yuko wapi?" Mjomba akauliza. "Nimeona vidole. Kidole hakina kitambulisho."

"Shemeji, kidole ndicho kitambulisho chenyewe," Shangazi akasema. "Nenda kaulize polisi."

"Wewe nyamaza, umekatwakatwa kama mirathi."

Walicheka wote, Pepesa akacheka kwa sehemu. Mjomba alikuwa amesema kweli. Pepesa alikuwa na mikono bila mtu, na uso wa Shangazi ulioganda kama sahani. Zimebaki siku tatu.

Jumatano Shangazi akaingia studio na gauni lake jipya. Kitambulisho kilikuwa kimekwisha muda, akataka picha mpya. Pepesa akaona bora nirekodi. Hapa angalau kuganda ndiyo kazi. Chumba kilikuwa kidogo, ukipiga chafya unazima taa. Ili Shangazi aenee kwenye picha, ilimbidi Pepesa ajibanze pembeni nyuma ya taa ya mwavuli, na upande wa kushoto wa picha ukaingia kioo, kile ambacho wateja walichania nywele, kilichotundikwa kando ya pazia jeupe.

"Usielekeze kwenye kioo," Mjomba akasema bila kugeuka. "Ndiyo kanuni ya kwanza ya chumba hiki. Kioo kina umbeya, kinaonyesha kisichoulizwa."

"Ndiyo, Mjomba," Pepesa akajibu, na hakusogea, kwa sababu pa kusogea hapakuwepo.

Alhamisi asubuhi, mbele ya kikombe cha chai, alikuwa anaitazama ile video kabla ya kuifuta alipoona kitu pembeni. Akasimamisha. Akarudisha nyuma.

Katikati ya picha Shangazi alikuwa jiwe. Lakini kwenye kioo kulikuwa na mtu mwingine. "Mabega sawa," na mabega ya Mjomba yakanyooka. "Kidevu juu kidogo," na kidevu cha Mjomba kikapanda, polepole, kama lifti. "Usicheke," naye akabana midomo kama aliyemeza siri. "Usipepese," akatoa macho kama taa za lori. Kisha akaacha kupumua. Pah! Halafu yeye na Shangazi, kwa wakati mmoja, wakashusha pumzi.

Pepesa akacheka mpaka chai ikamwagika. Akatazama tena. Mara ya tano hakucheka. Miaka thelathini na moja mtu huyu amekuwa anainua kidevu na kila mtu, anabana pumzi na kila mtu, na hakuna aliyewahi kumwona, kwa kuwa kila mtu alikuwa anatazama lenzi. Akageuka kuutazama ukuta wa studio. Nyuso kama mia nne, na hata moja si ya Mjomba.

Akaenda moja kwa moja.

"Mjomba, filamu yangu ni wewe."

"Mimi?" Mjomba akacheka, kisha akaona kamera mkononi mwake, na kicheko kikafa njiani. Mabega yakanyooka. Kidevu kikapanda. Akawa pasipoti kamili.

"Nawe pia!" Pepesa akashika kiuno. "Mganga hajigangi!"

"Sijawahi kuwa upande ule, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Sijui watu huwa wanaweka wapi mikono."

Pepesa akafikiri. Kesho ni mwisho. Akachukua kigoda kifupi, akaweka kamera juu yake, kando ya mlango, na kuielekeza kwenye kioo. Kamera ikampa Mjomba kisogo.

"Nakuomba ruhusa mbili. Ya kwanza, nikurekodi. Ya pili, nivunje kanuni ya kwanza ya chumba hiki."

Mjomba akaitazama kamera, nayo haikumtazama. Hapo akapumua. "Haya, piga kioo chako. Ila kikikusengenya mbele ya watu, mimi simo."

Wateja watatu wa kwanza, Mjomba alikuwa bado anaibia jicho kwenye kigoda. Wa nne alikuwa yule dereva wa lori, kaja na suruali yake iliyopunguzwa ingawa picha inaishia kifuani. Mjomba alipokuwa anapambana kumvalisha tai akasahau kila kitu. Kidevu kikapanda, midomo ikabana. Pepesa, upande mmoja tu wa chumba, hakuruka. Akiwa ameshapata picha ya kioo, aliinyanyua kamera, akasogea na kuchukua kidevu cha dereva kikipanda. Akachukua kidole cha Mjomba juu ya kitufe, kinasubiri, kisha akairudisha kamera kigodani.

Adhuhuri akaingia mama mmoja na mtoto wa miezi minne, anayehitaji pasipoti. Mjomba akajaribu amri zake zote nne. Mtoto akatema mate. Mjomba akaweka kamera yake chini, akapiga magoti sakafuni, na kwa kuwa kigoda kilikuwa kifupi, uso wake ukashuka na kuingia wote kwenye kioo, sawasawa na macho ya lenzi. Akajaza mashavu hewa. Akavuta masikio. Akajifanya paka, akajifanya pikipiki inayokataa kuwaka. Mtoto akainua kidevu, akatoa macho makubwa, akatulia. Mkono wa Mjomba ukapapasa kamera bila kuangalia. Pah!

Akashusha pumzi. Akacheka peke yake. Kisha akainua macho, akakutana na lenzi ndani ya kioo, akaganda.

Na akapepesa.

Pepesa alizima kamera akiwa ameuma kiganja asipige kelele.

Usiulize alivyounganisha picha zile kabla ya Ijumaa saa kumi. Shangazi alisema vidole vya binti vilikuwa vinaenda kama mashine ya kufumia. Muhimu ni kwamba alifika chuoni zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, Shangazi nyuma yake, na Mjomba nyuma ya Shangazi, amevaa ile tai nyekundu ya studio kwa sababu hakuwa na nyingine.

Filamu zilioneshwa ukutani, mbele ya majaji watatu na waombaji na jamaa zao. Ya Pepesa ilipoanza, mlango wa studio ukaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, mdogo kati ya maduka. Kisha ndani, mtu anamvalisha mteja koti, sauti za amri zote zimekatwa. Kisha karibu kabisa, kidevu cha dereva kinapanda. Kisha kwenye kioo, kidevu cha Mjomba kinapanda pia. Lenzi haikuvutwa hata mara moja.

Pepesa hakutazama ukuta. Alikuwa ameshaijua filamu kama jeraha lake. Alitazama majaji. Mkuu wa chuo, mama mwenye miwani minene, alikuwa ameegemea mkono kwa uchovu wa filamu kumi na tano. Mara mkono ukatoka. Mgongo ukanyooka. Kidevu chake, polepole, kikapanda. Jaji wa kulia naye. Pepesa akageuka nyuma: safu nzima ya watu, videvu juu, hakuna anayepumua.

Pah!

Chumba kizima kikashusha pumzi.

Alipofika mtoto na pikipiki, vicheko vilitikisa viti, na Mjomba alipopepesa ukutani, Shangazi, aliyekuwa amenyamaza dakika tatu nzima bila hata pini moja mdomoni, akapasuka: "Eh! Shemeji! Na wewe?"

Mjomba alikuwa ameficha uso ndani ya tai.

Mkuu wa chuo akafuta miwani. "Swali moja tu, binti. Wenzako wote wamevuta lenzi mpaka tumepata kizunguzungu. Wewe hujavuta hata mara moja. Kwa nini?"

"Nilimaliza mgawo wangu wote Jumatatu, mama."

Majina yakabandikwa Jumatatu iliyofuata. Shangazi alitangulia mbio, akapitisha kidole kwenye orodha juu hadi chini, chini hadi juu, akageuka anafura.

"Hawajakuweka! Nimetafuta Pepesa mara tatu, hakuna! Niitieni yule mama wa miwani!"

"Shangazi," Pepesa akasema, "namba tisa. Hilo ndilo jina langu."

Shangazi akasoma namba tisa. Akamtazama binti. Akasoma tena. "Kumbe! Jina zuri hivi, nani alikupa?"

"Wewe."

Chini ya orodha palikuwa na sharti la mwisho: kila mwanafunzi alete picha mbili za pasipoti, kesho kabla ya saa nne.

Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta. Waliporudi studio alitoa kalamu ya wino na kuiweka tayari karibu na mlango, chini ya ile rekodi ya kumi na moja. Pepesa akakaa kwenye stuli, koti mgongo wazi, tai shingoni.

"Kabla hatujaanza," Mjomba akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akamwonyesha mtu. Kilipigwa mjini, miaka mingi iliyopita, na mtu baki. Uso ni wa Mjomba, mabega sawa, kidevu juu kidogo, na macho yamefumbwa kama aliyelala ibadani.

"Mjomba!"

"Damu nzito, mwanangu. Usimwambie shangazi yako."

"Nimesikia!" ikaja sauti kutoka ng'ambo ya ukumbi.

Mjomba akarudi nyuma ya kamera. "Mabega sawa."

Safari hii Pepesa hakuitazama lenzi. Alitazama juu yake kidogo, pale kidevu cha Mjomba kilipokuwa kinapanda polepole pamoja na chake. Aliona midomo ikibana, akabana. Aliona macho yakitoka, akatoa. Wakashika pumzi, wawili.

Pah!

Mjomba akatazama kioo cha kamera kwa muda mrefu. Halafu akaenda hadi mlangoni, akafungua kalamu, na chini ya kumi na moja akaandika: moja.

"Sasa huyu mtoto tutamwitaje?" Shangazi akauliza kutoka kwake, na cherehani kikaendelea.